Mkono wa Kwenye Shimo la Mhanga

Najua utasema nimezeeka, nimeanza kuota mchana. Sawa, sema. Lakini haya yalinipata mimi, hapa hapa Sepuka, jua likiwa utosini, na mkono ulioshikwa ni huu wa kulia ninaokuonyesha.

Mimi ni mkulima wa alizeti kama wenzangu, ila watu walinijua kwa mashimo. Mbuzi akipotea, nilikuwa naitwa mimi kabla ya mwenyekiti. Naangalia mabaki, natafuta shimo, naingiza fimbo kwanza kwa ajili ya nyoka, kisha mkono mpaka begani, napapasa kuta. Fisi utamjua kwa kinyesi cheupe, kwa sababu ya mifupa anayokula. Nungunungu hudondosha miiba, na mifupa ya kuokota huigu­guna tu kunoa meno. Mhanga, yule mla mchwa, haachi mfupa hata mmoja, anaacha mikwaruzo ya kucha. Nikishasema ni mnyama, basi, hakuna mtu anayesingiziwa wizi. Neno langu lilikuwa linamaliza kesi, na nisikufiche, nilipenda hivyo.

Akaja yule mama. Alifikia kwa mjane mmoja jirani yetu wakati wa kuvuna, mtu wa makamo, mpole, kitenge cha manjano. Siku ya kwanza tulikutana kwenye shimo, mimi nimeshawaambia watu ni bweha. Yeye akaingiza mkono, akasema taratibu, hapana kaka, ni fisi, na ana watoto. Watoto wakakutwa. Akaninyooshea mkono tusalimiane. Nikauficha wangu nyuma, nikasema una udongo. Ulikuwa wivu tu.

Na unajua nini kilinichoma zaidi? Nguo zake. Mimi nikitoka shimoni naonekana kama nimezikwa nikafukuliwa. Yeye analala kifudifudi, mkono wote ndani, akiinuka kitenge hakina hata vumbi. Hapo ningejiuliza. Sikujiuliza, nilikuwa nawaza tu kwamba ameitwa yeye tena badala yangu. Hadi mke wangu! Kuku wetu waliumwa shingo usiku, asubuhi nipo barazani nakunywa chai, mke wangu akanipita pale pale akaenda kumwita yule mama. Akaambiwa ni kicheche. Sasa hilo nami ningeshindwa? Siku ile sikula.

Nikapanga kumwaibisha. Nyuma ya shamba langu kulikuwa na shimo la mhanga la zamani, limefukiwa tangu sijaoa. Nikalifukua. Nikamwaga mlangoni pake miiba ya nungunungu na mifupa ya mbuzi, mabaki ya supu. Kisha nikaita watu, nikamwita naye, atuambie mbele yao nani anaishi humo. Nilitaka aseme nungunungu, halafu nimcheke.

Akaokota mfupa mmoja, akaugeuza, akasema mnyama huyu anakata mifupa kwa panga na kuichemsha kwa chumvi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mke wangu alicheka kuliko wote. Wakaondoka wanacheka, nikabaki naye peke yetu, natamani ardhi ipasuke.

Yeye hakucheka. Alikuwa analitazama lile shimo, machozi yanamlengalenga.

"Kaka, umelifukua wewe?"

Nikakubali.

"Asante. Mashimo yote niliyoingiza mkono, nilikuwa natafuta hili. Hapa ndipo kwangu."

Akaninyooshea tena mkono, wa kuaga. Niamini, hata hapo sikuutoa wangu. Nilikunja mikono kifuani, nikatazama pembeni. Akapiga magoti, akaingiza kichwa, mabega, kiuno, polepole, kama mtu anayeingia nyumba yenye mlango mfupi. Kitenge kikapotea. Nikasubiri. Nikaita. Nikatazama udongo mbichi nilioufukua mwenyewe: nyayo zangu zilikuwepo, za watu zilikuwepo, zake hazikuwepo. Nikalala chini, nikaingiza mkono mpaka begani.

Ukashikwa. Kiganja cha mtu, cha baridi, kikauchukua mkono wangu, kikautikisa mara mbili kama watu wanavyosalimiana, kikauachia.

Yule mjane alidhani mgeni wake amerudi kwao bila kuaga. Watu wakaanza kuniita mimi tena. Nilichokitaka nikakipata, sivyo? Lakini kila shimo ninaloingiza mkono, la fisi, la ngiri, la nani, kile kiganja kipo, kinanisubiri. Na kila mara kinanishika muda mrefu zaidi. Safari ya mwisho niliomba radhi kwa sauti, mdomo umejaa udongo, ndipo kikaniachia. Tangu hapo nikiitwa nasema mgongo unauma.

Mwezi uliopita kondoo wa jirani alitoweka, mchungaji wake akasingiziwa kamuuza. Wakaniita. Shimo lilikuwa pale, mchungaji akinitazama mimi tu, watu wakisubiri niingize mkono. Sikuweza. Amefukuzwa, ana watoto wanne, na mimi najua moyoni hakuwa mwizi.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, akija mtu kwenye kazi yako akakuzidi, chukia ukitaka, nuna ukitaka. Lakini akikunyooshea mkono, upokee angali juu ya ardhi.