Mchanga Usioruhusiwa Kuona Jua

Saa mbili asubuhi, mwanamke aliyevaa koti jeupe anasimama mbele ya mlango mweusi na kumkabidhi mlinzi simu yake. Anageuka aingie, anarudi, anaongeza sauti ya simu, anaikabidhi tena.

"Ikilia, gonga," anasema. "Usifungue. Gonga tu."

"Mama, jana uliniambia, na juzi pia."

"Basi na leo nakuambia."

Ndani kuna taa moja nyekundu, hafifu kama kaa linalokaribia kuzimika. Wenzake wa maabara humwita Mama Giza, na kwa miaka mingi amelicheka jina hilo pamoja nao. Tangu mwezi uliopita hacheki sana.

Kazi yake ni kufungua mabomba ya chuma yaliyojaa mchanga kutoka bonde lililo chini ya mlima, ambako zamani za kale kulitandaa barafu nene iliyofunika kila kitu. Barafu ilipoyeyuka na kurudi nyuma, maji yake yaliuacha mchanga huo njiani, ukafukiwa. Tangu hapo kila chembe imekuwa ikijiwekea nishati kidogo kidogo kutoka kwenye udongo unaoizunguka. Wataalamu wakiipima nishati hiyo, hujua barafu iliondoka lini, na kwa kasi gani.

Adui ni mwanga. Mchanga ukipigwa na jua hata kidogo, hesabu yote inafutika.

"Ni kama machozi. Ukishanawa uso, nani atajua ulilia saa ngapi?" anasema Mama Giza.

Mwezi uliopita kulikuwa na bomba moja lililomnyima raha. Lilitoka ukingo wa juu kabisa wa bonde, na mara baada ya kuchimbwa, mvua iliuporomosha ukingo mzima. Hapakuwa na mchanga mwingine wa pale. Wiki hiyohiyo binti yake wa pekee, mjamzito wa miezi minane, alilazwa kwa presha.

"Mtaalamu anayetuongoza maabara aliniruhusu nikamuuguze. Mwanangu ndiye aliyenifukuza wodini. Akasema, 'Mama, ukinikodolea macho hivyo ndiyo presha inapanda. Nenda kazini.'"

Akaenda. Mchanga ulikuwa tayari wazi kwenye sinia mlango ulipogongwa.

"Nani?"

"Mimi, mama," mlinzi akajibu. "Wamepiga kutoka hospitali."

"Wanasemaje?"

"Fungua kwanza."

"Siwezi kufungua. Sema hapohapo."

"Amepoteza fahamu. Wamempeleka kupasuliwa."

Aliumimina mchanga kwenye chupa nyeusi kwa haraka kiasi kwamba mwingine ulimwagika sakafuni. Akakaza kizibo, akaizungushia chupa karatasi ya foili, ndipo akafungua mlango na kutoka mbio, koti la kazi likiwa bado mwilini.

"Njia nzima namwomba Mungu aniachie mwanangu," anasimulia. "Halafu katikati ya dua najiuliza, hivi kizibo nimekikaza? Nikajishangaa mwenyewe."

Mtoto wa kiume alizaliwa kabla ya siku zake, akawekwa kwenye mashine ya joto. Binti alizinduka kesho yake jioni. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza mtoto yuko wapi. La pili, kwa nini mama yake amevaa koti la maabara hospitalini.

Kizibo kilikuwa kimekazwa. Mchanga uliosalia ulitosha, na ulionyesha kwamba barafu iliuacha ukingo ule haraka kuliko walivyodhani. Mama Giza alimuuliza mtaalamu kama kipande cha barafu kilichobaki kileleni, kinachoulisha mto wanaokunywa maji yake, nacho chaweza kutoweka hivyo.

"Ndilo tunaloliogopa," akajibiwa.

Sasa binti na mtoto wako nyumbani, lakini presha bado haijatulia, na kila mlio wa simu humshtua bibi huyu mpya. Maabara imeahidi kuweka mlango wa pili, ili mtu aweze kutoka bila kuingiza mwanga. Ahadi hiyo anaifuatilia kila wiki.

Ana mpango mwingine. Katika miaka yote ya kufungua mabomba, hajawahi kufika kwenye bonde lenyewe. Daktari akiridhika na hali ya binti, watakwenda wote watatu kiangazi, mjukuu mgongoni.

"Nimeushika mchanga ule nusu ya maisha yangu," anasema. "Nataka nikauone mchana kweupe, kabla mvua haijaumaliza."