Nduru Niliyoipiga Kijitoni

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza, maana sitayasema mara mbili. Kila siku mnapita chini ya kile kilima mkienda Nyamira. Mnaiona ile miti mirefu imesimama pale juu, majani chai yameizunguka pande zote, na nimewasikia kwa masikio yangu mkiulizana ni mzee gani mvivu aliyeacha shamba zuri vile likaliwa na ndege. Mzee huyo alikuwa babu yangu. Hakuwa mvivu. Kwa nini miti ile bado imesimama na yeye alianguka, hilo nalijua mimi.

Nilisoma hadi darasa la tatu tu. Kiswahili hiki sikukipata shuleni, nilikipata kwa babu, na yeye alikipata jeshini. Aliitwa Makori. Alichukuliwa akiwa tayari na watoto kwenda keya, jeshi la Waingereza, wakati wa vita vya wazungu, akafika mpaka Bama, kule Asia. Alirudi na kabuti zito la kijani, sikio moja lisilosikia vizuri, na tabia ya kuongea Kiswahili na ndege.

"Sokoro," nilimwuliza, maana ndivyo tunavyomwita babu kwetu, "kwa nini huwasemeshi Ekegusii?"

"Hawa ni askari," akasema. "Askari hapewi amri kwa lugha ya mama yake. Atalia."

Kwetu babu na mjukuu wa kike hutaniana kama mtu na mkewe. Ndivyo ilivyo, na hakuna ubaya ndani yake. Bibi alikuwa ameshakufa, kwa hiyo uji wa jioni nilimpelekea mimi, na kila jioni alinipokea kwa maneno yale yale.

"Mke wangu, umechelewa."

"Ningewahi ungekula na nini, na meno huna?"

"Ninayo mawili. Yote ni ya kukuchekea."

Nikikumbuka siku zile kabla ya mambo kuharibika, naona ukungu kwanza. Ulikuwa unapanda kutoka kijitoni asubuhi, unafunika migomba, unafunika pareto iliyochanua nyeupe, mpaka kilima chote kinakuwa kama kitu unachokiota. Halafu katika ule ukungu naona kabuti linatembea. Babu alikuwa anapita kwenye miti yake, mmoja baada ya mwingine, anagusa kila mti kwa kiganja, kama mama anayegusa paji la mtoto kujua kama amelala na homa. Aliipanda mwenyewe aliporudi kutoka vitani. Katikati ulikuwa omotembe mkubwa, ule mti wa maua mekundu. Ukichanua hauna jani hata moja. Ni maua tu, na ndege wadogo wa asali wanaingia na kutoka kama cheche.

Mara moja tu aliniambia habari za Bama. Tulikuwa tumeketi, mvua imekatika, miti inadondosha matone.

"Kule niliua mtu," akasema. "Siku ile ile mti ukanificha mpaka asubuhi. Haukuniuliza nimefanya nini."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Nilimwongezea uji.

Sasa, shamba letu lilikuwa la mwisho. Nyuma ya miti ya babu kilima kinashuka upande wa pili, na kule yalianza malisho ya watu wa ng'ambo. Sitataja kabila lao. Mnawajua, mmesoma nao, na wengine wenu mmeoana nao. Zamani tulibadilishana nao wimbi letu la uji na maziwa yao. Babu alisema kule Bama alilala blanketi moja na mtu wao. Lakini katika miaka ile ya sitini maneno ya mpaka yalianza: mpaka uko hapa, mpaka uko pale. Ng'ombe wakaibwa huku, wakaibwa na kule, msinidanganye kwamba ni upande mmoja. Nyumba ikaungua. Vijana wakaanza kulala na mikuki.

Ombati, mdogo wa baba yangu, alikuja na shoka.

"Tata," akamwambia babu, yaani baba, "hii miti ni maficho. Watajikusanya humu ndani na sisi tumelala. Tuikate, tuone mbali."

Babu alikuwa anakwaruza kiko chake. Hakuinua kichwa.

"Ukiikata utaona mbali, ndiyo. Lakini atakayeangalia ni wewe, na wewe hukoroma kabla kuku hawajapanda." Vijana wakacheka. "Kwarara wangu wanarudi humu kila jioni. Wakishatua hawaondoki tena mpaka kuche. Wakiruka baada ya kutua, chini yao kuna mtu. Hao ndio askari gadi wangu."

Kwarara mnawajua, wale ndege wa kijivu wenye mdomo mrefu uliopinda, wanaolia kama mtu anayegombana na jirani.

"Na nani atawaangalia hao kwarara?"

"Mke wangu."

Ombati akapiga makofi. "Jeshi la ndege, na sajini ni Moraa! Tumekwisha."

"Siku ndege wakishindwa kazi," babu akasema, "hilo shoka nitakunolea mimi mwenyewe."

Ombati akaondoka. Lakini neno lilikuwa limesemwa mbele ya watu, na neno la namna hiyo kwetu halisahauliki. Miti ilikuwa imewekwa rehani, na mwenye kuikomboa nilikuwa mimi.

Babu alinifundisha kama anavyofundishwa kuruta. Nduru, lile yowe la hatari, kwetu ina sheria moja. Ukiisikia huulizi kuna nini. Unashika mkuki, jembe, hata mwiko, unakimbilia ilikotoka. Ndiyo maana alinionyesha jiwe jeupe lililokuwa juu ya boma la ng'ombe, karibu na miti lakini upande wetu. Kila jioni ndege wakianza kurudi, nilitakiwa kuwa hapo.

"Ukiona wameruka, nduru unaipigia hapa. Ukiwa mahali pengine, kimbia kwanza ufike hapa. Watu hawataenda penye hatari. Wataenda penye sauti yako. Sema."

"Miguu kwanza, mdomo baadaye."

"Tena."

"Miguu kwanza, mdomo baadaye, mzee mwenye kelele."

Alinifukuza kwa fimbo yake mpaka kwenye jiwe, akicheka na kukohoa. Tulifanya hivyo siku nyingi. Watu walizoea kutuona tukikimbizana.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mvua ilinyesha mchana, ikaacha mapema, na jua likatoka chini ya mawingu, la manjano kama siagi. Mama alinituma maji. Nilitakiwa kwenda na kurudi kabla ndege hawajaanza.

Kijitoni nilimkuta mdiria. Ni ndege mdogo wa buluu, anavua samaki. Babu alikuwa amenisimulia habari zake lakini sikuwahi kumwona karibu. Aliketi kwenye tawi juu ya maji, anatazama chini, hatikisiki. Nami sikutikisika. Maji yalikuwa yanapita, harufu ya udongo uliolowa inapanda, na rangi ile ya buluu ilikuwa mbele yangu kama kipande cha mbingu kilichosahauliwa. Alizama, akatoka na samaki, akarudi kwenye tawi. Nikasema nimwone mara moja tu tena. Nikamwona mara nyingi.

Niliposikia kwarara wanarudi juu ya kichwa changu, bado nilikuwa na mtungi mtupu.

Niliujaza. Nikajitwika. Nikaangalia juu kilimani.

Walikuwa wametua. Miti ilikuwa imenyamaza.

Halafu wote wakaruka.

Waliruka pamoja, kama mtu ametikisa shuka jeusi. Wakazunguka juu ya omotembe wakipiga kelele, na hawakushuka.

Nilijua. Msifikiri sikujua.

Mtungi ulianguka ukavunjika. Miguu yangu ilikataa. Mdomo wangu haukukataa. Nikafungua mdomo pale pale kijitoni, chini kabisa ya kilima, nikapiga nduru.

Ilikuwa nduru nzuri. Ilisikika kila mahali.

Wakaja. Nikawaona wanashuka kwenye pareto, Ombati mbele na mkuki, baba nyuma yake, wanaume wote wa maboma yetu. Walikuwa wanakuja kwangu. Kila mtu aliyekuwa na silaha alikuwa anakimbia kuteremka, akikipa kisogo kilima.

"Wako wapi?" Ombati alikuwa ananitikisa. "Moraa! Wako wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole.

Aliangalia juu. Moshi ulikuwa umeanza.

Kutoka kijitoni mpaka kwenye miti, mtu mwenye mtungi hupumzika mara tatu. Wao hawakupumzika. Hata hivyo walichelewa.

Ng'ombe walikuwa wameshavushwa kilima. Nyumba moja ilikuwa inaungua. Vijana wakateremka upande wa pili wakifuata nyayo, na kule chini wakapigana. Kelele zao nilizisikia nikipanda, lakini zilikuwa mbali, kama za watu wengine katika nchi nyingine.

Babu alikuwa ameketi chini ya omotembe, mgongo kwenye mti. Kabuti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote. Mshale ulikuwa umepita chini ya kifungo cha pili. Alikwenda kule kila jioni kuwapokea ndege wake, na angeweza kujificha, maana mahali pote pa kujificha alipajua. Baba alisema baadaye kwamba mlango wa boma ulikuwa umefungwa kwa kamba ya babu, fundo la jeshi. Wezi walilazimika kulikata, wakachelewa. Ndiyo maana ndama walibaki.

Maua mekundu yalikuwa yameanguka juu ya mapaja yake. Mwanga ulikuwa bado upo.

"Mke wangu," akasema. "Umechelewa."

Alisema vile vile kama siku ya uji. Sijui kama alikuwa anatania. Miaka yote hii nimeyageuza maneno hayo na sijui.

Kisha akaniuliza, "Wamerudi?"

Niliangalia juu. Matawi yalikuwa matupu. Ndege walikuwa wamekwenda mbali, upande wa magharibi, wadogo kama mbegu za wimbi.

"Wamerudi, sokoro," nikasema. "Wote."

Akakiegemeza kichwa kwenye gome. Sikuwa na lingine la kumpa.

Tulimzika kesho yake. Watu walipokuwa bado wamejaa uani, Ombati alitoka na lile shoka. Alikuwa analia, na mtu mzima akilia na shoka mkononi, watu humpisha.

"Alisema mwenyewe," akasema. "Ndege wakishindwa. Nyote mlisikia. Walijificha kwenye hii miti wakamwua."

Baba yangu aliangalia chini.

Nilikwenda nikasimama kati yake na omotembe. Nikasema kwa sauti, ili wale wa nyuma wasikie.

"Ndege hawakushindwa. Waliruka, nikawaona. Nilitakiwa kukimbia mpaka kwenye jiwe. Nilikuwa kijitoni nikitazama ndege mwingine, nikapiga nduru pale nilipokuwa. Niliwateremsha mimi. Ukitaka kukata, kata aliyeshindwa."

Mama alitoa sauti ndogo. Ombati alinitazama muda mrefu. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi.

"Toka hapo," akasema mwishowe, taratibu. "Toka, mtoto, utalowa." Mvua ilikuwa imeanza. Aliliweka shoka begani akaenda nyumbani, na miti ile hakuigusa tena mpaka alipokufa.

Ndege walikaa msimu mzima wa wimbi bila kurudi. Kisha jioni moja wakaja watatu. Nilikuwa kwenye jiwe. Niliwaambia kwa Kiswahili kwamba mkubwa wao hayupo.

Miaka ya sabini, mpaka wetu na wao ulikuwa umetulia na mimi nilikuwa nimeolewa, si mbali, ng'ambo ya kijito tu, kwenye ukoo mwingine wa kwetu. Mlango wangu unakitazama kilima. Sokoni nilianza tena kununua maziwa kwa mwanamke wa kule nyuma ya kilima, mpole, mwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Tukazoeana. Siku moja tulitajiana miaka, kama wanawake wanavyofanya, nani alizaliwa lini, nani alikufa lini. Tukagundua kwamba jioni ile ile yeye alifiwa na kaka yake kwenye mteremko ule ule. Kijana huyo alikuwa na miaka kumi na saba. Kisha yule mwanamke akanipimia maziwa, akajaza mpaka juu.

Sijawahi kusema vita vile vilikuwa na faida. Walichukua ng'ombe, tukachukua wengine, na leo hakuna anayekumbuka ni ng'ombe wa rangi gani. Nilimpoteza mtu aliyenifundisha kutazama, na nilimpoteza kwa sababu nilikuwa natazama. Nimelipima hilo kila namna. Halipungui uzito, ila mikono yangu imezoea kulibeba.

Juzi niliwaita wote jikoni, wanangu na wake zao na wajukuu waliokuwepo. Nikawaambia kuna jambo moja la kufanya siku nitakapokufa: waniache ndani, watoke wote kwanza.

"Mama," mke wa mwanangu mkubwa akasema, "watu watasema tumeikimbia maiti."

"Waseme," nikamwambia. "Siku hiyo mtu asipige nduru hapa mlangoni. Fungeni midomo. Vukeni kijito, pandeni kilima, mpite jiwe jeupe, mfike chini ya omotembe. Mkishafika pale ndipo mlie, ili safari hii atakayekuja mbio afike pale juu."