Safu ya Chama na Safu ya Kura

Siku yangu ya kwanza kazini sikuendesha gari hata kidogo. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini kuingia Saudia, ambaye sote nyumbani mwake tulimwita Baba, alinipokea mtaa wa Al-Naseem, Riyadh. Akanionyesha gari, akanionyesha kivuli cha ukuta, akasema, "Zakayo, kazi yako kwanza ni kungoja. Kuendesha kutakuja." Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa amenieleza kazi yote ya miaka kumi na minne. Dereva wa nyumba hungoja nje ya shule, nje ya hospitali, nje ya harusi ambazo hakualikwa. Hana wa kuongea naye. Upweke ule uliniuma, na sioni haya kusema.

Vijana mnaotaka kwenda huniuliza habari za ikama, kile kitambulisho cha ukaaji. Hayo mtaelezwa na wengine. Mimi nataka kuwasimulia kazi yangu ya pili, isiyo na mshahara, ambayo niliiharibu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kundi letu la Wakenya wa Riyadh liliongozwa na fundi mmoja wa viyoyozi, mtu wa amri kama mwalimu wa zamu. Wakati huo Bunge kule nyumbani lilikuwa na mswada wa wafanyakazi wa nje: kwamba asisafirishwe dada yeyote kufanya kazi za nyumbani bila mkataba wa lugha anayoielewa. Fundi huyo, mwenyekiti wetu, akaniita mtaa wa Al-Murabba, mbele ya jengo la ofisi alilolinda rafiki yangu Musyoka, akanikabidhi daftari.

"Wewe unashinda garini," akasema. "Sikiliza Bunge kwa simu. Utuandikie kila mbunge alivyopiga kura. Uchaguzi ukifika wataomba kura kwa wazazi wetu, tuwe na la kuwaambia."

"Niandike na chama?"

"Andika. Tuone kama shati la chama na mtu ni kitu kimoja."

Nikachora safu mbili, ya chama na ya kura. Kazi ina ufundi wake. Mambo mengi Bungeni hupita kwa kura ya sauti: Spika huuliza wa ndiyo, huuliza wa la, kisha huamua kwa sikio lake. Hapo huwezi kujua nani alisema nini, na wabunge wengi hupenda iwe hivyo. Lakini wakisimama wa kutosha kudai mgawanyo, kengele hulia, milango hufungwa, na kila mmoja huitwa kwa jina ajibu peke yake. Kiranja, yule anayewachunga wabunge wa chama chake, huwa amekwisha kuwaambia wajibu nini. Wengine hutii, wengine hawatii. Akili ni nywele.

Na Musyoka ndiye aliyekuwa mtu wangu. Kila Ijumaa nilikwenda chumbani kwake nyuma ya lile jengo, tukasonga ugali na kubishana siasa. Mimi nilikuwa wa chama tawala tangu ujana, yeye wa upinzani.

"Chama chako kinakula mpaka sahani," alikuwa akisema.

"Na chenu kinalia kwa sababu hakikuachiwa sahani."

Tulikuwa tukicheka hadi mlinzi wa zamu nyingine anagonga ukuta. Wiki nzima nilikuwa naishi kwa ajili ya saa zile tatu.

Siku ya mgawanyo ilifika. Saa za Riyadh na za Nairobi ni moja, kwa hiyo alasiri nilikuwa nje ya shule, simu kwenye dashibodi, kalamu mkononi. Majina yakaitwa. Tulipovuka nusu, madam, mke wa Baba, akapiga simu: "Zakayo, yalla, njoo haraka!" Mama yake alikuwa amezidiwa. Nikazima Bunge, nikawakimbiza hospitali.

Niliporudi garini majina yalikuwa yameisha. Mswada umeanguka. Mwenyekiti alikuwa ananisukuma: "Mzee, orodha iko wapi? Akina dada wanangoja." Basi nikajaza safu ya kura kwa kutazama safu ya chama. Viongozi wa chama chetu walikuwa wametangaza hadharani kwamba wanaunga mkono, kwa hiyo wetu waliobaki niliwapa ndiyo. Wa upinzani niliwapa la. Mbunge wangu alikuwa kwenye sehemu ile. Wa Musyoka pia.

Nikasoma orodha kwa ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la simu, kwa sababu akina dada walio majumbani husikiliza wakipiga pasi. Kundi likawaka moto. Musyoka akatukanwa kana kwamba yeye ndiye aliyepiga kura: nyinyi ndio mmetuuza. Akaniandikia mbele ya watu wote, "Zakayo, mbunge wetu ulimsikia kwa masikio yako?"

Nikajibu, "Nilimsikia."

Akatoka kwenye kundi. Ijumaa nilibisha mlango wake, haukufunguliwa, na taa nilikuwa naiona.

Miezi michache baadaye Baba alinihamishia kwa binti yake aliyeolewa Jeddah, mtaa wa Aziziya. Huko sikuwa na mtu kabisa. Nikiwa nangoja, nilifungua taarifa rasmi ya Bunge, ile inayoandikwa neno kwa neno, nikaipitia jina kwa jina. Mbunge wangu: la. Wa Musyoka: ndiyo. Na hawakuwa peke yao. Sehemu niliyoisikia ilikuwa sawa. Ile niliyoijaza kwa chama ilikuwa imejaa makosa. Dada mmoja wa kwetu alikuwa tayari amewaambia wazazi wake wampe mheshimiwa kura tena, kwa sababu Mzee Zakayo alisema alitutetea.

Nikakiri kwenye kundi. Mwenyekiti akajibu, "Halas, mzee, yamekwisha. Watu wamesahau." Nikampigia Musyoka, namba haipatikani. Alikuwa amemaliza mkataba na kurudi kwao.

Sasa nimestaafu. Nina ng'ombe wawili, na hakuna madam wa kuniita yalla, lakini bado naketi kivulini kama anayengoja mtu. Daftari ninalo. Ilinichukua miaka miwili kupata namba mpya ya Musyoka, na mwezi mwingine kupata moyo wa kupiga.

"Sikumsikia mbunge wenu," nikamwambia. "Nilijaza tu."

Akajibu, "Nilijua. Siku ile nami nilikuwa nasikiliza, pale mlangoni, mpaka jina la mwisho. Nilimsikia akisema ndiyo."

"Sasa mbona hukusema, Musyoka?"

"Mimi wa upinzani? Nani angeniamini?" Akakohoa. "Nilikuuliza wewe. Nilijua ukisema ukweli wataukubali, na nilidhani kwangu utausema."

Akaniuliza kama kwetu mvua imenyesha. Nikamwambia bado. Akasema kwao imenyesha, akanitakia jioni njema, akakata simu.

Ijumaa iliyofuata nilipiga tena. Iliita mpaka ikakatika. Nitapiga na Ijumaa hii. Kungoja ndiyo kazi ninayoijua.