Hereni Kwenye Mfuko wa Vumbi

Enzi zetu pale Kinondoni mtoto alijulikana kwa kazi ya baba yake kabla ya jina lake. Kulikuwa na mtoto wa muuza mkaa, watoto wa mwalimu, mtoto wa fundi viatu, na mie, Asha, mtoto wa Fundi Vakyumu. Nyie mliozaliwa juzi mnaweza kucheka. Mtaa mzima haukuwa na nyumba yenye zulia la maana, lakini sebuleni kwetu zilipangwa mashine saba za kufyonza vumbi, zimekaa kama wageni walioleta posa. Sakafu yenyewe ilikuwa saruji iliyopakwa rangi nyekundu. Mama aliifagia kila asubuhi kwa ufagio wa chelewa, akizizunguka zile mashine huku anasonya.

Baba yangu, Bakari, alitoka Newala akiwa kijana, akajifunza kusuka mota, yaani kuzizungushia waya upya, kwa Mhindi mmoja mjini, kisha akafungua kibanda chake mbele ya nyumba yetu. Wateja wake walikuwa misikiti yenye mazulia, kumbi za harusi na nyumba za wakubwa wa Mikocheni. Wazungu waliokuwa wakirudi kwao walimwachia mashine zao mbovu. Alizifufua, na zile alizozipenda hakuziuza hata umwombe vipi. Ya kijani ilikuwa chuma kitupu, ndefu kama kombora, bomba lake limefumwa kwa kitambaa kama mkeka. Nyingine ilisimama wima, na mfuko wake wa nyuma ukijaa upepo ulivimba kama tumbo la mbuzi aliyekula mahindi mabichi.

Jumapili alasiri Baba alitandika kipande cha zulia kuukuu uani, akamwaga majivu na mchanga, akashindanisha mashine ya zamani na mpya ya plastiki iliyoletwa kutengenezwa. Watoto wa mtaa mzima tulijaa kushangilia kama tuko mpirani. Baba aligeuza zulia, akalipiga kofi, akatuonyesha mchanga uliobaki. "Plastiki inapiga kelele," alikuwa anasema, "chuma kinafanya kazi." Bibi alipokuja kututembelea kutoka Newala hakuambiwa habari za mashine hizo. Baba akawasha ile ya kijani, na Bibi wa watu akatoka mbio mpaka barabarani na kanga moja, anaita majirani waje kuzima jini.

Kazi yangu mie ilikuwa kung'uta mifuko ya vumbi. Nilitandika gazeti nyuma ya kibanda, nikafunga kitambaa puani, nikamwaga. Kila nyumba ina vumbi lake, hilo nililijua kabla sijajua kuzidisha kwa saba. Vumbi la msikitini lilinukia udi. La nyumba yenye mbwa lilikuwa na manyoya na uvundo. La ukumbini lilimetameta kwa vikaratasi vya harusi. Ndani yake mlikuwa na vifungo, shanga, pini, na mara moja jino la bandia. Vyote viliingia kwenye kopo la maziwa lililoandikwa jina la mteja, na Baba alivirudisha pamoja na mashine. "Kilichotoka kwenye mfuko wa mtu ni cha mtu," alisema, na alikuwa halisemi mara mbili.

Sasa kulikuwa na dada mmoja akiitwa Tatu. Naye alikuwa mtu wa Newala, akifanya kazi za ndani Mikocheni kwa Mama Grace, mama mmoja kutoka bara aliyekuwa karani wa ofisi kubwa. Mashine ya Mama Grace ikisumbua, Tatu ndiye aliyeileta, ameiweka kichwani juu ya kata ya kanga, hajaishika hata kwa mkono mmoja. Akifika kwetu aliongea Kimakonde na Mama, akala chochote kilichokuwepo, kisha ananikalisha katikati ya magoti yake na kunisuka. Alikuwa na mchumba, kijana anayechonga vinyago Mwenge, na posa ilikuwa imeshapokelewa. Nilimpenda Tatu kuliko dada zangu wa kuzaliwa nao, na ninalisema hilo ili mwelewe uzito wa nilichofanya.

Siku hiyo alileta mashine, akanisuka, akaondoka. Nilipong'uta mfuko, katikati ya bonge la nywele na vumbi, pakang'aa kitu. Ilikuwa hereni ya dhahabu yenye umbo la jani. Masikio yangu yalikuwa yametobolewa miezi kadhaa nyuma, na matundu yalishikiliwa na vijiti vya chelewa, kama wasichana wengi wa wakati ule. Nikachomoa kijiti kimoja, nikaitia hereni, nikajitazama kwenye kioo kilichovunjika cha kibandani. Sikuitia kwenye kopo. Niliificha ndani ya mkebe wangu wa hesabu, chini ya bikari, nikajiambia nitaivaa siku mbili tu.

Wiki moja baadaye aliyekuja kuchukua mashine hakuwa Tatu. Alikuja Mama Grace mwenyewe.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Akamgeukia Baba. "Fundi, imepona?"

"Imepona, mama. Ilikuwa mkanda umekatika. Binti yetu Tatu yu wapi leo?"

"Nimemfukuza," alisema. "Kaniibia hereni ya marehemu mama yangu. Jozi moja tu aliyoniachia. Nimempekua, nimemwuliza kwa upole na kwa ukali, hakusema. Sikutegemea, fundi. Yule mtoto nilimwamini."

Nilikuwa nimeshika lile kopo lake, lina vifungo viwili na pini. Baba alinitazama. "Ni hivi tu vilivyotoka, Asha?"

"Ni hivi tu," nikasema.

Mpaka leo naisikia sauti yangu ilivyokuwa laini. Sikujua kama mdomo wangu unaweza kusema uongo mzuri vile.

Nilikaa siku tatu. Ugali sikuugusa, Mama akadhani ni malaria, akanipeleka kupimwa. Siku ya tatu Mama alirudi kutoka sokoni Tandale na habari. Alikuwa amemwona Tatu pale anachambua nyanya zilizooza kutoka kwenye matenga, na wanawake wenzake wanahamisha vipochi vyao akisogea. Na watu wa Mwenge walikuwa wametuma ujumbe: posa isimame kwanza, ukoo wao hauoi mwizi.

Niliufungua mkebe, nikaenda kibandani. Baba alikuwa anaijaribu mota, inanguruma. Niliweka hereni juu ya meza yake. Aliitazama, akazima mota. Nilingoja fimbo. Ningeshukuru angenipiga. Alichukua kitambaa, akafuta grisi mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Vaa viatu," akasema.

Tulitembea kwa miguu mpaka Mikocheni. Mama Grace alipofungua mlango, Baba alisema tu, "Mwanangu ana neno," akarudi nyuma hatua moja. Nilisema yote, mpaka ya Tatu kuonekana sokoni Tandale. Nilimwonyesha hereni kwenye kiganja. Nilitegemea atapiga kelele, lakini yule mama mkubwa, mwenye gauni la kazini na saa mkononi, alikaa chini sakafuni palepale mlangoni kama mtu aliyekatwa miguu.

"Nilimvua nguo," alisema, haongei na sisi. "Nilimvua nguo nikampekua mbele ya watoto wangu. Akawa analia ananiambia, mama tafuta kwenye mashine. Mie nikamwambia asinifanye mjinga."

Baba aliinamisha kichwa. Mimi nilishtuka mara ya pili, maana sikuwa nimejua kumbe Tatu mwenyewe aliwahi kusema ilipo, na hakuna mtu mzima aliyemsikiliza.

Mama Grace aliinuka, akavaa kandambili za mlangoni, hakubadilisha hata gauni. "Tandale sehemu gani?" aliuliza. "Twende."

Tulimkuta Tatu kati ya matenga, mikono imejaa maji ya nyanya. Alipotuona alisimama, akarudi nyuma, kama anategemea kupigwa. Mama Grace alipiga magoti kwenye tope lile, na wachuuzi wa pale jirani wakasogea kutazama.

"Mie ndiye niliyesema huyu ni mwizi," alisema kwa sauti, akiwageukia wale wanawake. "Si mwizi. Hereni ilikuwa kwenye mashine, kama alivyosema. Tatu, nimekukosea. Nimekudhalilisha."

Mama mmoja muuza bamia aliachia, "Yallah!" Mwingine akavuta kipochi chake taratibu, akakirudisha pale alipokiondoa. Baba akanisukuma mbele. Nikasema mimi ndiye niliyeificha.

Tatu alinitazama mie kuliko alivyomtazama bosi wake.

"Wewe, Asha? Siku ileile niliyokusuka?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakunitukana. Alimwinua Mama Grace kwa kiwiko, akamfuta tope magotini kwa kanga yake.

"Nimekusamehe, mama," alisema. "Ila kazini sirudi."

Jumamosi yake Mama Grace na Baba walikwenda Mwenge kwa watu wa mchumba wakaeleza kila kitu, na wale wakwe wakaomba radhi wakataka posa iendelee. Hapo ndipo Tatu alipotushangaza wote. Alikataa. Mama alimsihi, akamwambia mwanamume mwenye kazi haokotwi njiani. Tatu akajibu, "Dada, aliyeamini upesi hivi, kesho ataamini jingine." Hakulia. Aliuliza kama Baba anahitaji msaidizi.

Basi Tatu alikaa kwenye kile kibanda miaka mingi. Alijifunza kubadilisha kaboni za mota zikilika, kusafisha brashi, kusuka mota, mpaka wateja wakawa wanauliza kwanza kama "fundi mwanamke" yupo. Kunisuka tena ilichukua muda. Mwaka mzima alinijibu salamu tu. Usiku wa kuamkia Idd ya mwaka uliofuata, Mama akiwa anapika, Tatu alivuta kigoda, akagonga magoti yake kwa kiganja. Nikaenda nikakaa.

Baba ameshatangulia mbele ya haki. Tatu anaishi Chamazi na mume wake, mwalimu mstaafu, na zile mashine saba anazo yeye, ndizo Baba alizomwachia. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Tulikaa uani, ameifungua ile ya kijani anaipaka mafuta, na pembeni amepanga mashine za kisasa alizoletewa: nyepesi, za betri, moja ya duara inayotembea peke yake kama kobe. Mjukuu wake anaitumia simu kuiamrisha ifagie, na mwenyewe hajui hata vumbi linapoingilia. Tatu anasema za sasa zinavuta vizuri, hana ugomvi nazo, lakini zikifa hazifufuki. "Zimebandikwa kwa gundi, hazina hata skrubu," aliniambia. "Mtu aliyeitengeneza hakutaka uone ndani."

Nilirudi kwangu Kinondoni nimejaa mambo ya zamani, nikafungua simu. Kwenye kundi letu la mtaa jirani yangu mmoja alikuwa ameweka picha ya binti wake wa kazi, uso wote unaonekana, na maneno: mwizi huyu, kaondoka na simu yangu, msimpokee. Watu zaidi ya arobaini walikuwa wameshaisambaza. Wengine walimlaani kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Siku mbili baadaye jirani yuleyule akaandika: "Jamani simu imeonekana, ilikuwa imeingia kwenye kochi." Akaweka vikatuni vitatu vinavyocheka. Wakamjibu kwa vikatuni vya kupiga makofi, wakaendelea na habari za maji kukatika.

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Sie hatukuwa malaika. Mie mwenyewe ndiye niliyeficha hereni, na Mama Grace ndiye aliyemvua nguo mtoto wa watu. Lakini enzi zetu aliyekosa alivaa kandambili akatembea mpaka alipo aliyemkosea. Alipiga magoti palepale alipochafuliwa mwenzake, mbele ya watu walewale.

Nikaandika kwenye kundi: yule binti anaitwa nani, na kwao wapi, nimtafute. Leo ni siku ya tatu. Ujumbe umesomwa na wote, hata jirani mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyeandika jina lake.