Vichwa vya Tumbusi vya Shomari

Shomari alikuwa mwongo hodari, na mwongo hodari Kariakoo hakosi kula. Alitoka Kilwa zamani, akatandika mkeka wake ubavuni mwa soko, akauza mizizi, magome, na bidhaa iliyompa jina: kichwa cha tumbusi kilichokaushwa na kufungwa kitambaa chekundu. Tumbusi huuona mzoga akiwa kulekule mawinguni, aliwaeleza wateja. Ukikilaza kichwa chake chini ya mto, utaiota namba ya bahati nasibu kabla haijachezwa. Miaka ile ya uhaba watu walipanga foleni ya sabuni tangu alfajiri wakarudi mikono mitupu. Mtu wa namna hiyo kumuuzia ndoto si kazi.

Siku moja akaja Ndugu Pius, afisa wa wanyamapori, na picha kubwa ya tumbusi. Balozi wa nyumba kumi alitangaza kwamba baada ya mkutano yataandikwa majina ya sukari, kwa hiyo watu walifurika. Pius akaeleza kwamba tumbusi wanakwisha, wanategwa kwa sumu na kukatwa vichwa, na bila wao mizoga itaoza na maradhi yatazagaa. Watu wakasikitika kidogo, kwa heshima ya sukari. Bibi mmoja akauliza kama tumbusi naye ana mgao wake, maana anaonekana kujaliwa kuliko wajukuu zake. Fundi baiskeli akasema ndege mwenye upara anayekula mizoga, hata akiisha, nani atamlilia? Pius alijibu kwa subira, kisha akasema walionunua vichwa watasamehewa wakivisalimisha, ila muuzaji ni jela. Mkutano mzima, bila kuambiana, ukageuka kumtazama Shomari.

Njia yake ya kuokoka ilikuwa moja tu, nayo ni ukweli, kitu ambacho hakuwa amekitumia siku nyingi. Akasimama akakiri kwamba hajawahi kumgusa tumbusi maishani mwake, anawaogopa. Vichwa vyote ni vya kuku. Huvivunja midomo, huvikausha moshini, huvipaka masizi na mafuta ya nyonyo. Aibu ilimwunguza, lakini jela aliiogopa zaidi.

Watu waliguna. Uwesu, mchukuzi wa sokoni aliyewahi kushinda redio, alikasirika kuliko wote. Akala yamini kwamba chake kilikuwa cha tumbusi halisi, maana namba aliiota. Pius mwenyewe alimfahamu tumbusi zaidi kwa picha. Alikigeuzageuza kichwa kimoja kilichosalimishwa, asijue amwamini nani, mwisho akauliza kama kuna shahidi.

"Yupo," Shomari akasema. "Mwiteni Sabaha wa kuku. Vichwa ananipa yeye."

Sabaha alikuwa akinyonyoa kuku sokoni tangu mumewe alipomkimbia. Vichwa alimpa Shomari bure, akiambiwa ni chakula cha paka, na kila akimpa alimwombea dua, mtu mwenye huruma namna ile kwa viumbe. Alikuja na manyoya mikononi. Wakamweleza yote, pamoja na masizi na nyonyo. Shomari akamtazama kwa matumaini, kisha akakumbuka jambo, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Sabaha alifungua pindo la kanga, akatoa kitambaa chekundu. Alikinunua kwa Shomari mwezi uliopita kwa hereni za marehemu mama yake, na tangu hapo alikilalia kila siku, akawa anaota kuku tu. Akakifungua, akakiweka kando ya kile alichokishika Pius, akavitazama vyote viwili kwa muda mrefu.

"Mama, wewe kuku unawajua," Pius akasema. "Hivi ni vichwa vya kuku?"

"Nimewanyonyoa miaka saba, ndugu afisa," Sabaha akasema, macho yake kwa Shomari. "Hawa ni tumbusi. Mchukue."