Chumvi ya Ngozi na Sakafu ya Nyumba Yetu

Nyumba yetu iko Kamembe, kwenye mteremko, nyuma ya barabara inayoshuka kwenda mpakani mwa Kongo, Rusizi ya Kwanza. Baba ni mnunuzi wa ngozi. Hununua kwa wachinjaji wa mjini na kwa wakulima wa Gitambi na Nkungu, huzipaka chumvi, huzikunja, kisha wapagazi huzivusha daraja hadi Bukavu. Mimi ni binti yake wa kwanza. Kazi yangu tangu utotoni ilikuwa kuosha sakafu, kwa hiyo mambo ya sakafu ile nayajua kuliko mambo mengine.

Udongo wa mteremko wetu ni mfinyanzi. Masika unavimba, kiangazi unapasuka, na ardhi yenyewe huku kwetu hutetemeka mara kwa mara. Sakafu za majirani zote zilikuwa na nyufa za kupitisha mjusi. Baba alipopata kiwanja, hakutaka hivyo. Alimleta rafiki yake, fundi wa Bukavu, Mkristo, aliyewahi kufanya kazi kwenye madaraja. Fundi yule alitandaza kamba za chuma ndani ya mabomba ya mpira yaliyojaa grisi, akamwaga zege juu yake, zege ambalo sisi huku tunaliita beto. Lilipokauka akarudi na kriki kubwa, jeki kama ya kuinulia magari, akazivuta zile kamba kwa nje, moja moja, mpaka zikalia. Kisha akazifunga kwa vyuma na kuziba vichwa vyake kwa sima, yaani saruji. Vichwa vile vilipangwa kwenye ukingo wa chini wa nyumba, chini ya baraza, vikiwa kama vitovu.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama siku fundi alipomweleza baba.

"Mzee, wewe ni muntu wa ngozi, utanielewa. Ngoma inasimama juu ya nini? Juu ya kamba. Ukikaza kamba, ngozi inakamata. Ukilegeza, haina sauti. Hii beto njo vile. Mule ndani kamba zinavutana, zinashika nyumba. Usitoboe. Usikate. Hata musumari mukubwa usipige. Ukikata kamba moja, itaruka sawa nyoka."

Baba alifurahi sana kwa mfano wa ngoma. Aliomba kitu kimoja tu: baraza lilale kidogo upande wa chini, ili maji ya chumvi yanayotoka kwenye ngozi yateremke yenyewe. Fundi akacheka, akasema baraza ni la kukalia, lakini akalilaza.

Basi tukakaa na nyumba isiyopigwa msumari. Nguo zilitundikwa kwenye kamba iliyofungwa kwenye miti ya paa. Jirani yetu mmoja, mwanamke wa maneno mengi, kila akiingia alikuwa anavua viatu na kutembea kwa ncha za vidole. "Nyumba yenu ni bibi-arusi," alisema. "Inaangaliwa tu, haiguswi."

Kisha ukaja mwaka wa kukimbia. Tulivuka Bukavu na kila mtu na mzigo wake, mama akiwa na godoro kichwani na mdogo wangu mgongoni. Sitaki kuandika ya kule. Tuliporudi tulikuta wameondoa milango, madirisha na mabati ya jikoni na ya barazani. Sakafu tu ndiyo haikubebeka. Mama alikaa chini katikati ya chumba kitupu, akaiweka mikono yake yote miwili juu ya sima, akasema, "Sibebi tena godoro. Hapa njo mwisho."

Hata hivyo alifunga furushi. Ndani yake kulikuwa na sufuria yake nzuri, blanketi mbili, msahafu na vitenge. Akaliweka nyuma ya mlango mpya, fundo juu. Sisi tulipikiwa kwenye sufuria iliyotoboka ambayo baba aliiziba kwa kipande cha bati. Ukimuuliza kwa nini nzuri haitumiki, anasema, "Ile ni ya njia."

Baba alirudia kazi. Lakini haukupita muda, vita vya Kongo vikaanza. Mizinga ya Bukavu ilisikika kwetu kama mtu anayeburuta pipa tupu. Vita vya kwanza vikaisha, vya pili vikaanza, na mpaka ulifungwa, ukafunguliwa, ukafungwa. Wapagazi walikaa kando ya barabara wakicheza karata za zamani. Ngozi zilizokuwa zinakaa barazani kidogo tu sasa zilikaa msimu mzima, na ngozi ikikaa inataka chumvi tena, la sivyo manyoya yanang'oka na funza wanaingia. Baba alizifungua, akazipaka, akazipanga, baada ya muda akazifungua tena. Maji ya chumvi yaliteremka mchana na usiku hadi ukingo wa chini, kama alivyotaka. Mabati mapya yalitosha jiko tu, basi mvua nayo ilipiga baraza na kusukuma chumvi kila mahali.

Hapo ndipo doa lilipoanza. Lilikuwa la rangi ya kutu, linashuka kutoka kwenye kitovu kimoja hadi ardhini. Nililisugua kwa sabuni na mchanga, likatoka. Likarudi. Nikamwambia baba kwa sauti ndogo, maana sikuzoea kumwambia mtu mzima jambo mara mbili.

"Ni damu," alisema. "Ngozi za Nkungu zina damu nzito."

"Lakini mwezi huu hakuna ngozi mbichi, Papa."

"Ni damu ya zamani. Sugua tu."

Nilisugua. Baadaye ukatokea ufa, chumbani mwa mama, upande huohuo wa chini. Ulianza kwenye kona kama uzi, ukapita chini ya kitanda chake na cha wadogo zangu. Masika siafu walipanda kupitia ufa ule. Baba akachukua konzi ya chumvi na kuijaza mle, kama tunavyofanya huku siafu wakiingia ndani. Siafu wakakimbia, naye akaridhika. Kwake chumvi haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa inatulisha, ilikuwa inazuia kuoza. Alizoea kusema hakuna kitu kilichowahi kuharibika kwa sababu ya chumvi.

Mama aliacha kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, ndani ya nyumba. Alibeba kinu mpaka mbali uani, kwenye matope, akatwanga chini ya mvua na mfuko wa plastiki kichwani.

"Mama batoto, rudi ndani," baba alimwita.

"Kinu kitatikisa nyumba."

"Nyumba hii? Fundi alisema itazika wajukuu zetu."

"Fundi alisema kabla ya vita," mama alijibu bila kuacha kutwanga. "Mimi naomba muntu mumoja aniambie leo. Nitalala hapa, ao nitabeba? Basi. Sitaki maneno mengine."

Fundi alikuwa ng'ambo, na baba akarudi kwenye ngozi zake.

Siku kamba ilipokatika ilikuwa mchana, baada ya swala ya adhuhuri. Nilikuwa nimepiga magoti barazani na tambara. Kukapigwa mlio mmoja mkali, kama bunduki iliyo chini ya tumbo langu, na sakafu ikanigonga magotini. Wote wa mtaa wetu walijua la kufanya. Kabla mwangwi haujaisha, hakuna mtu aliyekuwa amesimama. Jirani yetu wa maneno mengi alilala kwenye mtaro na beseni la dagaa kifuani. Mama aliwafunika wadogo zangu kwa mwili wake pale kwenye kinu. Tukangoja mlio wa pili. Haukuja. Akasikika mtu anauliza kutoka kwenye mtaro, "Bamepiga nani?"

Askari wawili walishuka haraka kutoka barabarani. Walitafuta tundu la risasi ukutani, hawakulipata. Mmoja akazunguka ukingo wa chini, akaita mwenzake. Kizibo cha sima kilikuwa kimerushwa mpaka kwenye migomba, na ndani ya kitovu kamba ya chuma ilikuwa imetoka nje, imejikunja, inanuka grisi na kutu.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni nyumba," baba alisema.

"Nauliza nani alipiga."

"Ni nyumba ilipiga."

Askari walitazamana. Wakati ule waya unaotoka kwenye ukuta bila kwenda popote haukuwa jambo la kucheka. Mkubwa wao aliushika, akauvuta, akainama kuuangalia unakoingia. "Antena? Uko na redio ya kuongea na batu ya ng'ambo?"

Baba alijaribu kueleza. Alisema ngoma, alisema ngozi, akasema kamba zinavutana chini ya miguu yetu, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Ndipo jirani akatoka kwenye mtaro, matope mpaka shingoni, dagaa kwenye nywele. "Bwana askari," alisema, "muntu mwenye redio angekuwa na nyumba ya kunuka hivi? Ile antena inasikia nini, ng'ombe?"

Askari mdogo akacheka, mkubwa naye akashindwa kujizuia. Lakini alisema fundi aliyeiweka kamba ile aje aiseme mwenyewe, na mpaka aje, asiiguse mtu. Mpaka ulikuwa umefunguliwa kwa wenye biashara ndogo. Baba alituma salamu kwa mama mmoja wa Bukavu anayevuka na mboga.

Fundi alikuja akiwa amezeeka kuliko idadi ya miaka iliyokuwa imepita. Alikuwa amekonda, na koti lake lilikuwa la mtu mwingine. Aliwaeleza askari kwa maneno machache, wakaenda zao. Kisha akachuchumaa mbele ya doa langu. Alilikwangua kwa kucha, akaweka ulimini, akatema. Akaangalia juu, kwenye rundo la ngozi.

"Ngozi zinakaa hapa tangu lini?"

"Tangu vita," baba alisema.

"Vita ya kwanza ao ya pili?"

"Zote."

Fundi akakaa chini kabisa, mgongo kwenye ukingo. "Mzee. Nilikuambia usitoboe."

"Sijatoboa! Waulize. Hakuna musumari hata mumoja nyumba muzima."

"Ni kweli. Hukutoboa. Ulizipatia chumvi ya kunywa kila siku. Chuma na chumvi havikaaki pamoja. Sima ya pale kwa kichwa ikipasuka kidogo tu, maji ya chumvi yanaingia, yanakula kamba pole pole, na yenyewe imekazwa. Siku moja inachoka." Akapangusa ukucha kwenye koti. "Na mimi nililaza baraza. Ulinionyesha chumvi, nikaona ni kazi yako tu."

Baba alitazama rundo lake kama mtu aliyeambiwa kwamba ng'ombe wake ndiye anayekula shamba. Mama ndiye aliyekuja mbele, mikono bado ya kijani ya sombe.

"Papa fundi, mimi niko na swali moja. Nitalala hapa, ao nitabeba?"

Fundi aliingia ndani, akatembea kila chumba, akalala kifudifudi kuangalia chini ya vitanda. Alipotoka hakufanya haraka.

"Maman, siwezi kukudanganya. Mule ndani sioni. Kamba za upande wa chini zote zimekunywa. Nyingine inaweza kukatika kesho, ao mwaka kesho, ao hapana. Kukaza tena haiwezekani, kriki yangu ilienda na vita. Nyumba haitaanguka mara moja. Itapasuka kidogo kidogo sawa za wengine. Upande wa juu, lala. Chumba chako, toa vitanda. Na muntu asisimame mbele ya vile vichwa. Na chumvi," alionyesha baraza lote kwa mkono, "chumvi itoke leo."

"Itoke iende wapi?" baba aliuliza. "Mvua iko inakuja. Bila paa hizi zote zitaoza. Njo chakula cha batoto."

Hapo sikujua mama angesema nini. Nilidhani angelia, au angekwenda kulichukua furushi. Alifuta mikono kwenye kitenge, akatembea mpaka kwenye jiko lake la uani, kibanda cha mabati chenye sakafu ya udongo, alichokingoja tangu siku tuliporudi. Akaanza kutoa mafiga.

"Weka humu," alisema. "Udongo hauna kamba. Mimi nitapika kwa kale kabaraza ka juu, kwa mulango wa nyuma."

"Jiko lako litanuka."

"Baba batoto, mimi mwenyewe nanuka tangu unioe."

Tulihamisha ngozi jioni ile yote, baba, fundi na mimi, tukiinama chini ya uzito wake, chumvi ikituingia kwenye mikwaruzo ya mikono. Mama na jirani walihamisha vitanda upande wa juu. Chumba cha chini kikabaki na ufa wake na mlango wake. Baraza nililifagia kwa ufagio mkavu, maana fundi alikataza maji, na zile punje nyeupe nikazizoa kwa mikono.

Moto ulipowaka kwenye baraza dogo la juu, mama alitazama sufuria iliyotoboka. Kiraka kilikuwa kimeng'oka wakati wa kuhama. Akasimama kidogo. Kisha akaenda nyuma ya mlango, akaliburuta furushi mpaka kwenye mwanga na kushika fundo. Lilikuwa limekaa miaka mingi, limekuwa gumu kama jiwe, kucha zake hazikuweza.

"Nipe kisu," alimwambia baba.

Baba alichomoa kisu chake cha ngozi kiunoni. Akataka kumpa, akasita, akaitazama chumvi iliyoganda kwenye makali yake. Akashuka nacho mpaka kwenye migomba, mbali na nyumba, akakimwagia maji, akakipangusa kwenye suruali pande zote mbili, ndipo akarudi kumkabidhi.