Kiti cha Baba Eunice

Rhoda, fundi wa kuchomelea vyuma hapa Segese, alikuwa na ugonjwa mmoja: futi kwanza, salamu baadaye. Mteja hajamaliza kueleza shida yake, yeye keshapima na cheche zinaruka. Nampenda kama ndugu, lakini sikuacha kumsema. "Wewe mwanamke, kuna siku utamtengenezea mtu geti naye alitaka dirisha." Anacheka, anavaa miwani yake myeusi, anaendelea na kazi.

Ndipo akaja Philomena, Mama Eunice. Mumewe, Marwa, aliangukiwa na udongo ndani ya duara, shimo la dhahabu. Walimtoa mzima, ila miguu haikunyanyuka tena.

"Anakwisha, Rhoda," alisema. "Hatoki ndani, chakula hagusi. Nitengenezee kiti cha magurudumu, angalau akae na wenzake."

Rhoda alitengeneza kiti ambacho hata mimi mwenye miguu nilikitamani: kirefu, chenye sponji mgongoni, rangi ya bluu. Jioni wakamsukuma Marwa hadi uani, mahali wachimbaji wenzake wanapokula chakula anachopika Philomena. Kesho yake akakataa kukikalia. Rhoda akaongeza sponji, akakataa. Akabadilisha magurudumu, Marwa akageukia ukutani. Mbavu zake zilionekana hata akiwa amevaa shati.

Nilimkuta Rhoda amekaa juu ya nondo, analia. "Mayu wane! Mama yangu! Nimekosea wapi?"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," nikamjibu kwa ukali, maana na mimi nilikuwa na uchungu. "Hiyo futi iache hapa. Nenda ukakae naye tu."

Alikwenda. Safari hii alianza na salamu, akaketi mkekani. Kisha akauliza, "Baba Eunice, jioni ile kule uani ilikuwaje?"

Marwa alitazama mikono yake.

"Sisi tunakula sinia moja, Rhoda. Tangu nianze uchimbaji, mkono wangu umekuwa pamoja na mikono ya wenzangu. Jioni ile wao walikuwa chini, mimi juu. Nikapakuliwa sahani ya peke yangu, nyama tele, kama mgeni. Wakanong'ona. Nikajiona maiti, nao wako matangani kwangu."

Rhoda alirudi karakanani. Safari hii alitengeneza kitu ambacho hakikuwa na uzuri wowote: ubao juu ya magurudumu madogo, kimo cha kigoda, ambao mtu anausukuma mwenyewe kwa mikono.

Siku Marwa alipoutumia mara ya kwanza nilikuwepo. Marwa alijisukuma taratibu mpaka kwenye sinia, wachimbaji wakabana magoti kumpisha. Akanawa. Akamega ugali, akachovya, na papo hapo akachukua kipande cha nyama, ilhali sote tunajua kwenye sinia nyama huliwa mwisho. Wenzake wakatazamana, kila mmoja akiogopa kumkemea mgonjwa.

Abdu, aliyechimba naye miaka yote, akamchapa mkono.

"We Marwa! Huna adabu hata kidogo! Rudisha nyama ya watu!"

"Sirudishi," alisema Marwa, mdomo umeshajaa.

Uani pakalipuka kwa kelele, kila mmoja akimlaumu kwa sauti yake. Pale jikoni, Philomena aliketi chini na upawa wake mkononi, akalia kwa furaha mpaka mboga iliyobaki motoni ikaungua.